Hermann Wissmann, Aliyepita Nyangwe Mara Mbili

Katika mji wa Rostock, bandari ya kale ya Ujerumani kwenye Bahari ya Baltiki, alikaa askari kijana jina lake Hermann Wissmann, aliyezaliwa mwaka 1853. Siku moja aligombana na mtu, wakapigana kwa silaha, akamjeruhi. Akafungwa miezi minne. Katika mji huo alijuana na Paul Pogge, msafiri aliyekwisha kuiona Afrika, akapata ruhusa ya kufuatana naye.

Mwaka 1881 waliondoka Luanda, wakaelekea mashariki. Katika nchi ya Wasongye walikuta miji yenye watu wengi na mashamba mema, mirefu hata msafara ulitembea saa kadhaa kabla ya kuimaliza. Mwezi wa Aprili 1882 wakafika Nyangwe, kando ya Lualaba, si mbali na Kasongo. Hapo palikuwa soko kubwa la Waarabu na Waungwana, la pembe na la watumwa. Pogge akarudi magharibi. Wissmann akaendelea hata Saadani, pwani ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1887 akapita Nyangwe mara ya pili. Miji ile ya Wasongye hakuikuta tena. Wateka watumwa walikuwa wamepita, na nyuma yao ndui na njaa. Majani yalifunika viwanja.

Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ikamtuma pwani kupigana na Abushiri bin Salim, ikisema kwamba ni vita vya kukomesha biashara ya watumwa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na pwani ikawa mali ya Wajerumani. Lakini watumwa wengi walibaki mikononi mwa mabwana wao. Utumwa wenyewe ulikatazwa kwa sheria mwaka 1922, Wajerumani walipokwisha kuondoka. Wissmann alikuwa gavana mwaka 1895 hata 1896. Alikufa mwaka 1905 huko Austria, kwa ajali ya bunduki katika kuwinda.

Mtu huyu aliona kwa macho yake uovu wa utumwa, lakini dawa aliyoishika ilikuwa baruti. Baruti huweza kumshinda bwana wa watumwa. Kumfanya ampende mtumwa kama ndugu haiwezi. Kazi hiyo ni ya Injili, nayo haijaisha. Kasongo na Kabambare, wajukuu wa walioteka na wajukuu wa waliotekwa ni majirani. Mkristo anayemdharau jirani kwa ajili ya ukoo wake anaufunga tena mnyororo ule wa zamani.