Hobley, kamera na sitara ya Wakamba

Jina la Charles William Hobley si geni Pwani. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mkoa, makao yake Mombasa, wakati wa vita vya Wagiriama vya 1914, Kaya Fungo ilipolipuliwa kwa baruti. Leo nataka tumtazame kwa upande ambao hatuuzungumzii sana, upande wa kamera, kwa sababu kuna deni aliloliacha Kitui na Makueni na hadi sasa halijalipwa.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1867, akasomea elimu ya miamba. Mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni ya Waingereza iliyotawala nchi hii kabla ya serikali yao kuichukua. Mwaka uliofuata alikuwa na Kapteni Dundas katika meli ndogo iliyopanda Mto Tana, wakitafuta njia ya kufika Mlima Kenya. Mwaka 1894 alihamia magharibi, sehemu iliyohesabiwa kuwa Uganda wakati huo, akawa mtawala wa Mumias. Wajaluo wakampa jina la Obilo. Mwaka 1895 alishiriki vita dhidi ya Wabukusu, Lumboka na Chetambe, na watu wengi waliuawa. Katika nchi hiyo hiyo ndimo alimoanza kuandika mila za watu na kuwapiga picha.

Hapa tuelewe alikotoka. Kamera ilipotangazwa Ulaya mwaka 1839, haikuchukua muda picha za watu wasio na nguo zikawa biashara. Paris ziliuzwa kwa jina la mafunzo ya uchoraji, na mchoraji mkubwa Delacroix alichora akitazama picha za uchi alizopigiwa na Durieu. Kisingizio cha kwanza kilikuwa sanaa. Cha pili kilikuwa sayansi, na hicho ndicho kilichotufikia sisi. Mwaka 1869 msomi Thomas Huxley alitoa maelekezo kwamba watu wa himaya ya Uingereza wapigwe picha bila nguo, mbele na ubavuni, wakiwa wamesimama kando ya kipimo. Picha zilizopatikana zilikuwa chache, maana wengi walikataa kuvuliwa. Lakini tabia ya kumtazama mtu kama kielelezo cha kabila ilibaki.

Mwaka 1902 Sir Harry Johnston alichapisha kitabu kikubwa juu ya Uganda, chenye picha za watu wa Kavirondo wakiwa uchi. Hobley alikuwa miongoni mwa waliompa picha na maelezo. Johnston mwenyewe alikiri kwamba watu hao walikuwa na maadili kuliko wengi waliovaa nguo. Mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa alivaa chieno, mkia wa nyuzi, na kwake yeye kuonekana bila chieno ndiyo fedheha. Mnunuzi wa kitabu London hakuwa na habari na hilo. Aliona uchi tu.

Baadaye Hobley akapewa mkoa wa Ukamba, uliokuwa na Kitui pamoja na Machakos, na Makueni ilikuwa bado ndani ya Machakos. Mwaka 1910 kitabu chake juu ya Wakamba kilichapishwa Cambridge. Aliandika kuhusu ithembo, mahali pao pa ibada, kuhusu ndoa, tohara na fidia ya damu. Mkamba wa enzi zile alivaa ngozi, shanga na mikufu myembamba ya chuma na shaba ambayo mafundi wao walisifika kwayo. Kwa jicho la mtu wa Mji wa Kale, huyo kifua wazi. Kwa watu wa Mbooni au Mutomo, huyo amevaa akakamilika.

Tusimnyime haki yake. Mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha elimu ya viumbe ambacho ndicho chimbuko la makumbusho yetu ya taifa, na Wakamba wenyewe husoma vitabu vyake kutafuta mambo ya babu zao. Alistaafu 1921, akafariki 1947. Tunajua alipozaliwa, alikosoma na vyeo alivyopanda. Lakini picha za zama zile kwa kawaida ziliandikwa kabila chini yake, basi. Bibi aliyesimama mbele ya kamera hana jina, na hatujui kama aliulizwa.

Hili linatuhusu. Nimetumiwa picha za namna hiyo kwenye makundi ya WhatsApp, zikifuatwa na vicheko kwamba watu wa bara walikuwa wakitembea uchi. Wanaocheka ni Waislamu wenzangu. Sisi tunapoosha maiti tunamfunika kuanzia kitovuni hadi magotini, ijapokuwa hasikii wala haoni. Kama maiti wa nyumbani kwangu ana sitara, kwa nini bibi wa Mkamba asiwe nayo? Na sisi tulioona kaya ikivunjwa kwa amri ya serikali ya bwana huyo huyo, tuna sababu gani ya kucheka na kamera yake?

Naona lipo la kufanya. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni ziyaandikie makumbusho ya Ulaya yenye picha hizi, zipate nakala, zizipeleke vijijini wakati wazee wenye kumbukumbu bado wapo. Atakayetambuliwa kwa uso, shanga au kilima kilicho nyuma yake arudishiwe jina. Kisha familia yake iamue picha ipi ionyeshwe na ipi ifunikwe. Na wewe msomaji, ukitumiwa nyingine, usiisambaze.