Mtakatifu Kizito, Msimamizi wa Watoto

Kizito alikuwa kijana wa Buganda, umri wake kama miaka 14. Alitumika katika nyumba ya mfalme Mwanga. Alijifunza dini, akaomba ubatizo mara nyingi, lakini aliambiwa angoje.

Mkubwa wa watumishi, Karoli Lwanga, aliwalinda vijana ili mfalme asiwatie katika dhambi. Kwa hiyo mfalme akakasirika sana. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, Lwanga akambatiza Kizito pamoja na wenzake, maana walijua hatari i karibu.

Kulipokucha, mfalme akaamuru wenye kusali wajitenge upande mmoja. Kizito angaliweza kunyamaza na kupona. Lakini alimshika Lwanga mkono, wakaenda pamoja. Wakafungwa kamba, wakapelekwa Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, wakachomwa moto, nao wakisali. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu.

Watoto, mwenzenu akiwavuta kuiba au kusema uongo, mkumbukeni Kizito: jitengeni upande wa Mungu. Mtakatifu Kizito, utuombee.