Okot p'Bitek na Maswali Aliyowaachia Wakristo

Katika kisiwa cha Ndau, huko kaskazini ya Lamu, Jumapili ni siku kama siku nyingine. Wabajuni wa hapo ni Waislamu, na mwenye nyavu za kushona huzishona, mwenye mashua ya kuziba huiziba. Nilipata kuketi barazani huko na vijana wachache wa shule, nikawasimulia habari za marehemu Okot p'Bitek wa Uganda na jinsi alivyowasaili Wakristo wenzake wa zamani. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kile hakikunipendeza, maana kilikuwa cha mtu anayeona moto kwa jirani, na Okot hakuandika ili jirani achekwe.

Mtu huyu alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu aliyelelewa na misheni, na mama yake mwimbaji hodari wa nyimbo za Kiacholi. Kwa hiyo mtoto alipata vyuo viwili chini ya paa moja. Akasoma Gulu, kisha King's College Budo, shule ya Kanisa la Kianglikana. Alipohitimu ualimu alirudi kufundisha karibu na kwao katika shule ya Sir Samuel Baker. Alifundisha Kiingereza, alifundisha dini, na aliongoza kwaya. Walimu wasomao safu hii na wakumbuke jambo hilo: aliyekuja kuuliza maswali makali kuliko wote alikuwa mwenzao wa darasani, mwenye Biblia mkononi.

Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda, ambayo wachezaji wake wengi walicheza miguu mitupu. Mechi zilipokwisha yeye alibaki. Alisoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya jamii za watu Oxford. Ni katika miaka hiyo ya ugenini ambapo imani yake ya Kikristo ilimtoka. Wala wataalamu waliodai kuisoma Afrika hawakumpa badala yake: katika mhadhara wa kwanza kabisa huko Oxford, mwaka 1960, alimsikia mwalimu akiwaita watu wa kwao washenzi, akapinga, asisikilizwe.

Kisa alichokipenda mno, nacho kimo katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika, ni hiki. Mwaka 1911 mapadri wa Kitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba, basi swali likageuzwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui, kwani mtu huzaliwa na mama yake. Wageni hawakutosheka, wakashikilia wapewe jina. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupatwa na maradhi ya uti wa mgongo yakamfinyanga kuwa kibyongo, na pepo aletaye maradhi hayo huitwa Rubanga. Mapadri wakalichukua jina hilo kwa furaha. Okot alishangaa kwamba wafuasi wa Yesu, ambaye aliwafukuza pepo wakaingia katika nguruwe, walimtwaa pepo wa kibyongo wakamtangaza kuwa Baba wa mbinguni.

Hapa nina neno langu. Okot alitaka kuamini kwamba wazo la Muumba mmoja liliingizwa Afrika na wageni, na mwanafunzi hana budi kulipima dai hilo. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alilikuta jina la Mungu vinywani mwa Waswahili, nalo ni neno la Kibantu, si la Kiarabu. Yawezekana yaliyo kweli kwa Waacholi si kweli kwa kila kabila.

Lakini katika matendo ya waumini sina la kumpinga. Utenzi wake maarufu, uliotoka Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966 na ambao Paul Sozigwa aliutafsiri kuwa Wimbo wa Lawino, umejaa mambo ambayo kila mmoja wetu ameyaona. Mwalimu wa dini anaikemea ngoma mchana, na usiku wa mbalamwezi anawafuata wasichana ngomani. Mwanafunzi wa katekisimu anakaririshwa maneno asiyoyaelewa, na akiuliza hufokewa. Ocol na nduguye, watoto wa mama mmoja, wamekuwa maadui kwa sababu ya vyama, na katika Uganda ya wakati ule DP kilihesabiwa chama cha Wakatoliki na UPC cha Waprotestanti. Uadui huo ulikuwa wa zamani: mwaka 1892 Wakristo wa madhehebu hayo mawili walipigana kwa bunduki huko Mengo, hata miaka ishirini haijatimia tangu wamisionari wa kwanza wafike.

Okot hakuachwa astarehe. Aliongoza Jumba la Sanaa la Taifa mjini Kampala kuanzia mwaka 1966, akaiudhi serikali, akaondoshwa. Kenya ilimpokea, aliandaa tamasha la sanaa Kisumu mwaka 1968, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi. Alipitia Ife, Nigeria, na baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979 alirudi Makerere. Alifariki Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51, miezi michache tu tangu apewe uprofesa.

Vijana wa Ndau walipokwisha kucheka, mmoja wao, mdogo kuliko wenzake, aliniuliza Okot angeuliza nini lau angezaliwa kisiwani hapo, akasoma chuoni kwao, akayakariri waliyoyakariri wao. Sikumjibu. Nilimwachia kitabu, naye akakichukua akaenda nacho upande wa pwani.