Magofu ya Gede yana mlinzi, sauti ya Fundi Konde je?

Wengi wetu hapa pwani tumeusikia wimbo wa Tausi. Unapigwa harusini, unapigwa kwenye mahoteli ya Watamu na Malindi, na bendi nyingi zimeurudia. Lakini ukiuliza ni wa nani, jibu ni kwamba ni wimbo wa zamani tu. Ndugu msomaji, aliyeuimba na kuupa umaarufu ana jina na ana kwao. Ni Fundi Konde, Mgiriama, mwana wa Kilifi hii hii yetu.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, upande wa Kaloleni. Ni nchi ya minazi na ngoma, ambako mtoto alikua akisikia mwanzele na gonda kabla hajajua redio ni nini. Ukoloni ulikuwa umeshakita mizizi, na vita vya Mekatilili na Waingereza vilikuwa na miaka kumi tu tangu vitokee. Kijana wa Kigiriama wakati huo hakutarajiwa kufika mbali.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomtoa. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa jeshini wakapelekwa Ceylon, India na Burma kupigana na Wajapani. Fundi Konde aliingia katika kikosi cha burudani, kile kilichokuwa kikiwaimbia na kuwachekesha askari ili wasivunjike moyo. Huko alikutana na wanamuziki kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana, na gitaa likawa chombo cha kazi.

Aliporudi, hakurudi kulima. Kati ya 1947 na 1956 alirekodi nyimbo ambazo mpaka leo ndizo zinazomtambulisha: Tausi, Majengo Siendi Tena, Kipenzi Waniua Ua, na nyinginezo. Zilitoka kwenye santuri, zile sahani nyeusi nzito zilizokuwa zikivunjika ukizidondosha. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Kwa hiyo mtunzi alilazimika kusema lake upesi na kunyamaza. Wasanii wetu wa leo, wenye kompyuta na muda wote wanaoutaka, wangejifunza mengi hapo.

Kilichomtofautisha ni kwamba hakuwa mtu wa fani moja. Aliimba, alitunga, alipiga gitaa, na wanaofuatilia historia ya muziki humtaja miongoni mwa watu wa kwanza Afrika Mashariki kupiga gitaa la umeme. Rumba ya Cuba ilikuwa ikiingia kwa santuri za GV kupitia bandari zetu, na dansi za Kizungu zilikuwa zikichezwa mijini. Yeye alivichukua vyote akavitia Kiswahili laini cha pwani, hadi msikilizaji akasahau kwamba mapigo yalitoka ng'ambo. Tena alifanya kazi upande wa pili wa kioo, katika studio ya HMV Nairobi, akisimamia mitambo na kuwarekodi wenzake. Jina la Fundi halikumkaa bure.

Miaka ya sitini ilileta uhuru, na ikaleta vijana wapya. Fadhili William na wenzake walishika usukani, kisha magitaa ya Kongo yakaingia kwa kishindo. Fundi Konde akakaa pembeni, Nairobi, mbali na kwao. Wengi waliamini ameshakufa. Ni Them Mushrooms, nao wana wa Kaloleni, waliomrudisha. Walizipiga upya nyimbo zake pamoja naye, na kizazi kilichokuwa hakijazaliwa enzi za santuri kikamsikia. Mwaka 1994 rekodi zake za 1947 mpaka 1956 zilikusanywa kwenye CD. Miaka sita baadaye, Juni 2000, akafariki dunia Nairobi.

Mimi nilimjua kupitia kaseti, kwa kuwa santuri zilikuwa zimeshakwisha nilipopata akili. Juzi nilikuwa steji ya Gede nikisubiri matatu, nikawauliza vijana wa bodaboda kama wanamjua Fundi Konde. Mmoja akaniuliza ni fundi wa nini, wa mbao au wa umeme. Nilicheka, lakini sikumlaumu. Nani aliwahi kumwambia?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliyafanya magofu yetu ya Gede kuwa hifadhi, na James Kirkman akaanza kuyafukua. Miaka ile ile ambayo watu walikuwa wakipangusa mchanga kwenye kuta za msikiti mkuu wa Gede, Fundi Konde alikuwa akirekodi. Leo kuta zina ua, zina mlinzi na zina tikiti mlangoni. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuziona, ijapokuwa hakuna anayejua jina la fundi hata mmoja aliyezijenga. Fundi huyu wa pili tunalijua jina lake na tunaijua sauti yake, na bado tunaiacha ipotee.

Najua wapo ndugu zangu wa msikitini watakaoniuliza mimi Muislamu na magitaa wapi na wapi. Sitoi fatwa. Ninazungumzia haki ya jasho la mtu, na dini yetu imetuagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka. Jasho la wazee hawa limekauka zamani.

Sheria yenyewe haijawatupa. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu irekodiwe, kwa hiyo rekodi zile za santuri muda wake umeshapita. Lakini haki ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Hesabu mwenyewe: aliyefariki 2000, utunzi wake unalindwa hadi mwisho wa 2050. Anayeziimba nyimbo zake kwa pesa anatumia mali yenye wenyewe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kaunti ya Kilifi, yenye idara ya utamaduni, ikusanye rekodi za wanamuziki wa kwetu ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuingia akasikiliza. Bendi za mahotelini ziwe zinataja jina la mtunzi kabla ya kuimba. Haigharimu hata shilingi. Na wewe kijana unayerekodi nyimbo chumbani kwako Timboni au Mijomboni, sajili kazi yako kwenye Bodi ya Hakimiliki leo. Tumeona ugomvi wa Malaika, wimbo ulioimbwa dunia nzima huku hapa nyumbani watu wakibishana ni nani aliyeutunga. Karatasi moja ingewaokoa na mengi.

Wenye kaseti na santuri za Fundi Konde bado wapo, Kaloleni, Rabai, Ganze na hapa Gede. Nyingi ziko ndani ya masanduku ya mabibi, chini ya leso. Nakuomba, kabla mvua na mchwa havijazifikia, zitoe uzipanguse, kisha umwite mjukuu wako umwambie huyu anayeimba alikuwa nani.