Steve Reeves: ‘Hercules’ aliyejua wakati wa kuweka vyuma chini

Miaka ya 1990, majarida ya watunisha misuli yalikuwa yamejaa picha za wanaume wakubwa kuliko waliowahi kuonekana jukwaani. Wakati huohuo, huko Valley Center, California, mzee aliyevuka miaka 65 alikuwa akitunza farasi wake na kutembea kwa kasi, hatua ndefu, mikono ikirushwa mbele na nyuma.

Ungepishana naye njiani usingejua kwamba huyo ndiye Steve Reeves, mwanaume ambaye miaka 30 nyuma sura na kifua chake vilipamba kuta za kumbi za sinema kuanzia Roma hadi New York. Ndiye aliyekuwa Hercules.

Kupata umbo lile ni sehemu moja tu ya maisha yake. Sehemu nyingine, ambayo haisimuliwi sana, ni jinsi alivyoliacha liondoke bila kulikimbiza kwa sindano wala vidonge.

Mtoto wa Montana

Stephen Lester Reeves alizaliwa Januari 21, 1926, katika mji mdogo wa Glasgow, jimbo la Montana, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Alifariki kwa ajali ya shambani Steve akiwa bado mdogo mno kumkumbuka.

Mama yake, Goldie, alimlea peke yake. Steve alipofika miaka 10 walihamia Oakland, California, na huko akapata kazi ya kusambaza magazeti kwa baiskeli. Njia zilikuwa na vilima, na mwenyewe aliamini kwamba vile vilima ndivyo vilivyompa vigimbi vilivyokuja kuwa gumzo.

Kilichompeleka kwenye vyuma ni aibu. Akiwa kijana alishindana nguvu za mkono mezani na mwenzake mwenye mwili mdogo kuliko wake, akapigwa. Alipochunguza akagundua kwamba yule mwenzake alikuwa ananyanyua vyuma. Naye akaanza.

Baadaye akaingia kwenye ukumbi wa mazoezi wa Ed Yarick pale Oakland. Yarick akaona haraka kwamba huyu kijana si wa kawaida, kwa sababu mwili wake ulikuwa unaitikia mazoezi kwa kasi ya ajabu.

Siku tatu kwa wiki, basi

Mwaka 1944, alipomaliza sekondari, Reeves aliingia jeshini na kupelekwa Ufilipino wakati wa Vita Kuu ya Pili. Malaria ikampiga, uzito ukapungua. Vita vilipoisha alikaa kwa muda Japani, kisha akarudi nyumbani na kwenye vyuma vyake.

Programu yake inaweza kumshangaza mtu anayeshinda jimu siku sita kwa wiki. Reeves alifanya mazoezi siku tatu tu. Kila siku alifanyia kazi mwili mzima, na kesho yake alipumzika. Aliamini kwamba misuli haikui wakati wa kunyanyua, inakua wakati wa kupumzika.

Hakutaka pia ukubwa wa kuzidiana. Alitaka uwiano: shingo, mikono na vigimbi vyote viwe na mzunguko mmoja, karibu inchi 18 na nusu. Mabega yawe mapana, kiuno chembamba. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 1, na uzito wa karibu kilo 97 alipokuwa kileleni.

Mwaka 1947, akiwa na miaka 21, alitwaa taji la Mr. America mjini Chicago. Mwaka uliofuata alishinda Mr. World huko Cannes, Ufaransa, ila kwenye Mr. Universe mjini London akashika nafasi ya pili nyuma ya mkongwe John Grimek. Alirudi London mwaka 1950 na safari hii akalibeba taji, mbele ya Mwingereza Reg Park.

Hapo akaachana na mashindano. Alikuwa na miaka 24.

Mwili uliomnyima kazi

Hollywood ilimwona mapema. Mwongozaji Cecil B. DeMille alimfikiria kwa nafasi ya Samsoni katika filamu ya Samson and Delilah, lakini alimtaka apunguze karibu kilo 7. Kamera humfanya mtu aonekane mnene zaidi.

Reeves alijaribu, lakini ikawa vuta nikuvute. Upande mmoja waandaaji wa filamu wanataka apungue, upande wa pili watu wa vyuma wanamwambia anajiharibu. Mwishowe nafasi ilikwenda kwa Victor Mature, na filamu ikatoka 1949 bila yeye.

Ilimbidi asubiri. Mwaka 1954 alipata sehemu ndogo katika Athena, filamu ya muziki, na kwingine hapakuwa na cha maana. Lakini Athena ilivuka bahari. Inasimuliwa kwamba binti wa mwongozaji Pietro Francisci aliiona huko Italia na kumwambia baba yake kwamba mtu anayemtafuta kucheza Hercules amepatikana.

Filamu hiyo ilitoka Italia mwaka 1958. Mfanyabiashara Joseph E. Levine alinunua haki ya kuionyesha Marekani kwa dola 120,000, kisha akamwaga zaidi ya dola milioni 1 kwenye matangazo. Ilipotoka Marekani mwaka 1959, kumbi zilifurika. Reeves akawa staa wa dunia, na Italia ikaanza kutengeneza filamu za mashujaa wenye vifua vipana moja baada ya nyingine.

Huko Austria, kijana mmoja wa kijiji kilicho karibu na Graz alikuwa akitazama filamu za Reeves na za Reg Park, akiota siku yake. Jina lake Arnold Schwarzenegger.

Mwaka uleule, kidonge kipya

Mwaka huohuo wa 1958, kampuni ya dawa ya Ciba iliingiza sokoni Marekani kidonge kinachoitwa Dianabol. Kilikusudiwa kwa wagonjwa, lakini daktari John Ziegler, aliyefanya kazi na wanyanyua vyuma wa Marekani, alikuwa tayari anakijaribu kwa wanamichezo. Siri haikukaa. Ndani ya miaka michache vidonge vilikuwa vimesambaa kumbini. Ziegler mwenyewe baadaye alijuta.

Steroidi hufanya kazi kwa kuiga testosteroni, homoni ya kiume ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Misuli inajengeka haraka. Lakini mwili ukiona homoni imejaa kutoka nje, korodani hupunguza kazi. Kuta za moyo zinaweza kunenepa, shinikizo la damu kupanda, lehemu mbaya kuongezeka, na vidonge vingine huumiza ini. Mtu akizikatisha ghafla baada ya miaka mingi, anaweza kubaki na homoni kidogo, uchovu, hamu ya tendo ikapotea na moyo ukajaa huzuni. Ndiyo maana anayetaka kuziacha anahitaji daktari, sio ushauri wa kumbini.

Reeves alikuwa amemaliza mashindano miaka 8 kabla ya Dianabol kuingia sokoni. Testosteroni ya maabara ilikuwepo tangu miaka ya 1930, kwa hiyo wapo waliomshuku, lakini yeye alisisitiza maisha yake yote kwamba hakuwahi kutumia chochote.

Hata hivyo, kidonge kilipofika alikuwa na sababu zote za kukitaka. Alikuwa na miaka 32, analipwa kwa ajili ya kifua chake, na kila mkataba mpya ulidai mwili uleule wa 1947.

Bega likaamua

Kwenye filamu ya The Last Days of Pompeii, iliyotoka 1959, gari lake la kukokotwa na farasi liligonga mti. Bega likateguka. Reeves aliendelea na kazi, na katika filamu zilizofuata, kwa sababu matukio mengi ya hatari aliyacheza mwenyewe, alilitonesha tena na tena.

Kwa mtu wa vyuma bega ni kila kitu. Ukitaka kusukuma, unalihitaji. Ukitaka kuvuta, unalihitaji. Jeraha lile liligeuka kuwa mgeni asiyeondoka.

Alikuwa na njia mbili. Moja ni kulazimisha: meza dawa za maumivu, ongeza uzito, tafuta msaada wa maabara, endelea kuonekana Hercules hadi mwili ugome. Ya pili ni kupunguza, na kukubali kwamba umbo lile lilikuwa la kijana wa miaka 21.

Akapunguza. Mwaka 1963 alimuoa Aline, mwanamke mwenye asili ya Poland. Filamu zikawa chache. Mwenyewe alisimulia kwamba alikataa nafasi ya mhusika mkuu katika A Fistful of Dollars ya 1964, filamu iliyomfanya Clint Eastwood kuwa staa mkubwa. Filamu yake ya mwisho, A Long Ride from Hell, ilitoka 1968. Alikuwa na miaka 42, umri ambao waigizaji wengi bado wanapigania mikataba.

Aliondoka na fedha zake na bega lake bovu. Hakurudi tena kwenye skrini kubwa.

Farasi na barabara

Reeves na Aline waliishi kwanza kwenye shamba huko Oregon, kisha wakahamia Valley Center, kaskazini mwa San Diego. Kazi yake sasa ilikuwa kufuga farasi aina ya Morgan.

Mazoezi hakuyaacha, aliyabadilisha. Akajenga mtindo wake wa kutembea: hatua ndefu kuliko kawaida, kasi kubwa, mikono ikifanya kazi, pumzi ikifuata mdundo wa miguu. Aliyezoea angeweza kuongeza uzito mdogo mwilini. Mapigo ya moyo yanapanda, jasho linatoka, lakini magoti hayapigwi kama kwenye kukimbia na bega halibebi mzigo mzito. Mwaka 1982 alitoa kitabu kuhusu mtindo huo.

Hapo kuna kitu watu wengi wa vyuma hukiona wamechelewa. Ukivuka miaka 30 misuli huanza kupungua taratibu, na kano na viungo huchukua muda mrefu kupona. Mazoezi ya uzito bado yanafaa hata kwa mzee, lakini mzigo uleule wa ujanani unaweza kuwa ndio unaovunja. Moyo nao unataka sehemu yake, na moyo haujali mkono wako una inchi ngapi.

Akaanza kusema

Kadiri alivyozeeka, Reeves alizidi kukemea dawa kwenye mchezo alioupenda. Hakufurahishwa na jukwaa ambalo uwiano umepewa kisogo na ukubwa ndio unaohesabiwa. Baadhi ya mashabiki wa kizazi kipya walimwona mzee wa zamani aliyepitwa na wakati.

Lakini habari zilikuwa upande wake. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuziweka steroidi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Machi 1996, mtunisha misuli wa Austria Andreas Münzer, aliyesifika kwa mwili mkavu usio na tone la mafuta, alifariki mjini Munich baada ya viungo vyake vya ndani kushindwa kazi. Alikuwa na miaka 31.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, Reeves alikuwa ametoa kitabu kingine, hiki kikieleza jinsi ya kujenga mwili wa mtindo wa zamani kwa njia ya asili. Ndani yake ilikuwamo programu ileile ya Oakland: mwili mzima, siku tatu kwa wiki, halafu pumzika.

Mwisho wake

Aline alifariki mwaka 1989. Reeves aliendelea na farasi wake na matembezi yake.

Mwaka 2000 aligundulika kuwa na limfoma, saratani inayoshambulia mfumo wa limfu. Alifanyiwa upasuaji wa uchunguzi, na baada yake donge la damu iliyoganda likasababisha kifo chake. Ilikuwa Mei 1, 2000, hospitalini Escondido, California. Alikuwa na miaka 74.

Kwa hiyo maisha safi hayakumpa kinga ya kila kitu. Hakuna mazoezi wala mlo unaomwondolea mtu saratani kwa uhakika. Alichopata ni kingine: zaidi ya miaka 30 baada ya filamu yake ya mwisho, akiishi kwenye mwili aliouzoea, akipanda farasi, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Picha za 1947 bado zinabandikwa kwenye kuta za jimu, na wapo vijana wanaozitazama wakiuliza alikuwa anatumia nini. Jibu lake halikubadilika hadi anaingia kaburini: vyuma, chakula, usingizi na siku ya kupumzika. Na siku vyuma vilipozidi uwezo wa bega lake, aliviweka chini akaenda kutembea.