Maisha ya Bibi Katharine Cook, Mwalimu wa Wakunga

Wakaao kando ya Mto Tana wanaijua vyema shida ya kuwa mbali na daktari. Mto unapofurika, kama ulivyofurika mwaka 1961, mwaka 1997 na tena mwaka 2024, njia hukatika, na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa hana budi kungoja mtumbwi. Kwa sababu hiyo yafaa wanachama na wazee wa Wema na Garsen wasome habari za mama mmoja aliyefariki zamani, ambaye katika nchi jirani ya Uganda aliikabili shida iyo hiyo, akaitafutia dawa kwa kuwafundisha mabinti wa nchi kazi ya ukunga.

Bibi Katharine Timpson alikuwa Mwingereza, naye alijifunza uuguzi katika hospitali ya Guy's mjini London. Mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na kundi la wamisionari wa C.M.S., na miongoni mwao alikuwamo daktari kijana, Albert Cook. Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, basi walikwenda kwa miguu mpaka Mengo, wakafika Februari 1897. Mwezi huo huo walianza kuwatibu wagonjwa katika nyumba ya udongo na matete, na huo ndio mwanzo wa Hospitali ya Mengo. Bibi Timpson akawa msimamizi wa wauguzi, na mwaka 1900 aliolewa na Dakta Cook. Mwaka 1902 hospitali ilipigwa na radi ikateketea. Hata hivyo hawakuvunjika moyo, bali waliijenga upya kwa matofali, ikafunguliwa mwaka 1904.

Kadiri miaka ilivyopita, jambo moja lilizidi kumsumbua Bibi Cook. Wagonjwa waliofika Mengo walikuwa wengi, lakini wanawake waliokufa katika kuzaa walikufa majumbani, mbali na Mengo, na watoto wengi hawakumaliza mwaka wa kwanza. Alitambua kwamba hospitali moja, hata ikiwa kubwa namna gani, haiwezi kumfikia mama aliye safari ya siku mbili. Mwaka 1917 chuo cha kuwafundisha waganga wasaidizi kilianzishwa Mengo, na mwaka 1921 ikafunguliwa shule ya wakunga, iliyopewa kwanza jina la Lady Coryndon, mkewe Gavana wa siku zile. Bibi Cook ndiye aliyekuwa roho ya shule hiyo.

Katika kazi yake kulikuwa na mambo matatu ya kuangaliwa sana. La kwanza ni lugha. Yeye na mumewe waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, kwa maana mafunzo yasiyoeleweka na mwanafunzi hayawezi kumfikia mama mzazi. La pili ni mahali. Mabinti waliopata vyeti hawakuwekwa wote Mengo, bali walipelekwa katika vituo vidogo vya uzazi huko mashamba, na machifu wa mahali walisaidia kuvianzisha. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni kukaguliwa. Bibi Cook mwenyewe alisafiri kuvizuru vituo hivyo na kuitazama kazi ya wanafunzi wake wa zamani. Hakumwacha binti peke yake na cheti chake.

Si haki kuyataja mema tu. Kazi ile ilitokana na hofu kubwa ya ugonjwa wa kaswende, ambao madaktari wa wakati ule waliuona kuwa umeenea mno katika Buganda. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba hesabu zile zilizidishwa, na kwamba huenda ugonjwa wa buba ulichanganywa na kaswende. Kwa ajili ya hofu hiyo wanawake walilazimishwa kupimwa, wakaona fedheha kubwa. Tena wamisionari waliwadharau wakunga wa jadi, ambao tangu zamani ndio waliokuwa wakiaminiwa na akina mama. Hapana shaka kwamba kama wazee wale wangalishirikishwa, mafunzo mapya yangalipokewa kwa wepesi zaidi.

Mwaka 1932 mumewe alipewa heshima ya Sir, na Bibi Cook akaitwa Lady Cook. Alifariki mwaka 1938, na Sir Albert akamfuata mwaka 1951. Hospitali ya Mengo ingali ikifundisha wauguzi na wakunga.

Je, maisha haya yanatuhusu nini sisi wa Tana? Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mifuko ya vifaa, vikiwamo vya kupimia joto la mwili na shinikizo la damu, na kila mmoja akatazamiwa kuangalia nyumba zipatazo 100. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya huduma za msingi za afya, inayowatambua wahudumu hao. Ni jambo la kushukuru, lakini mfuko hauendi nyumbani kwa mtu wenyewe. Dawa zikiisha na zisiletwe, malipo yakichelewa, mkaguzi asipofika, na wazee wasipomheshimu msichana aliyefundishwa, hata yule hodari atachoka, atakwenda Malindi au Mombasa kutafuta kazi nyingine, na mafunzo yote yatakuwa yamepotea.

Basi wajibu wetu haumaliziki kwa kumchagua mtu wa kwenda kufundishwa. Twapaswa kumchagua yule anayeijua lugha ya majirani zake, awe Mpokomo, Muorma au Mwardei. Kuuliza kila mara kama vifaa vyake vimo. Kumtafutia mtumbwi wakati wa mafuriko. Na kuwaomba wakunga wazee wamkaribishe kama binti yao. Bibi Cook alikuwa na cheo na msaada wa Serikali, hata hivyo alitoka na kwenda kuwatazama wanafunzi wake mahali walipokuwa. Sisi tulio jirani na wahudumu wetu hatuna udhuru wa kutokwenda.