Sadi Carnot: Msee Aliyejua Siri ya Baridi, Akadedi Kabla Dunia Imsikie

Asubuhi ya Julai uko steji ya Kangemi, baridi inakula vidole, na nganya ya tao inanguruma hapo Waiyaki Way. Je, ulijua hiyo baridi unayoitukana inaweza kuipa injini nguvu zaidi? Aliyetoboa hiyo siri ni Sadi Carnot, na stori yake inauma.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 1 Juni 1796. Mshua wake, Lazare, alikuwa mkubwa jeshini na mtu wa hesabu. Jina Sadi alilitoa kwa Saadi wa Shiraz, yule mshairi wa Uajemi. Kijana akiwa na miaka 16 akaingia École Polytechnique, chuo moto cha mainjinia, kisha akawa afisa wa jeshi. Lakini 1815 Napoleon akaanguka, mshua akafukuzwa nchini, na jina lililokuwa likifungua milango likageuka mzigo.

Sadi akazama kwa injini za mvuke. Enzi hizo zilikuwa zinachoma makaa kibao, na moto mwingi unapotea bure. Yeye akaona kitu wengine hawakuona: moto peke yake haufanyi kazi. Kazi inapatikana joto likitoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi, kama vile maji huzungusha gurudumu yakianguka. Pengo likiwa kubwa, kazi inaongezeka.

Cheki hesabu, venye wanasayansi wa baadaye waliimalizia. Injini ikipata joto la digrii 327 na kulitupa kwa hewa ya digrii 27, hata ingekuwa fiti namna gani haiwezi kupita asilimia 50. Kwa baridi ya Julai, tuseme digrii 12, mpaka unapanda kidogo hadi kama 52. Upande wa baridi ukiwa -196, baridi ya naitrojeni ya maji, unaruka hadi kama 87!

Najua unawaza: si tufunge friji kwa mat basi? Tulia, buda. Baridi ya bure ni ya hewa, mto na bahari. Ukishuka chini ya hapo lazima uitengeneze, na kuitengeneza kunakula nguvu yote uliyoongeza, mara nyingi hata zaidi. Hapa hakuna njia ya panya.

Mwaka 1824, akiwa na miaka 28, Sadi aliandika haya kwa kitabu kidogo na kuchapisha nakala 600 kwa doh yake mwenyewe. Karibu hakuna aliyeshtuka. Tarehe 24 Agosti 1832 kipindupindu kikambeba, miaka 36 tu. Vitu vyake vingi viliharibiwa kuzuia ugonjwa usisambae. Ndugu yake, Hippolyte, akaokoa karatasi chache.

Miaka miwili baadaye injinia Émile Clapeyron akafufua kazi hiyo, kisha ikamfikia Kelvin. Rudolf Diesel naye akaanza na mawazo ya Sadi alipochora injini yake, babu ya hiyo inayonguruma hapo Kangemi.

Ukipita Olkaria, Naivasha, uone minara ikitoa mvuke mweupe, hiyo ndiyo kazi yake: kutunza upande wa baridi ndio stima ifike kwako. Sadi hakuwahi kuona hata balbu moja ikiwaka.